Chakula kimekudhuru: namna ya kudai fidia, hatua kwa hatua

Wanaokuja kuomba msaada wa kisheria baada ya kuugua kwa sababu ya chakula huuliza maswali yale yale. "Nilikula, nikaugua, nimshtaki nani?" "Risiti sina, bado nina haki?" "Wamenirudishia pesa ya chakula, ndiyo yamekwisha?" Majibu yapo. Kinachosikitisha ni kwamba wengi huuliza wakati chakula kimeshatupwa, dawa zimeshamezwa, na daktari ameandika "maumivu ya tumbo" na kuwaruhusu waende nyumbani. Mwongozo huu umeandikwa ili uwahi.

Sheria yenyewe kwenye madai haya si ngumu. Kigumu ni kuthibitisha kwamba chakula kile, kutoka kwa muuzaji yule, ndicho kilichokuuguza wewe. Uthibitisho huo hupatikana katika siku chache za mwanzo, kabla wakili hajasikia lolote. Kwa hiyo nusu ya hatua zilizo hapa chini utazifanya ukiwa bado mgonjwa, au atakufanyia mtu wa nyumbani. Mpe asome.

Usidhani uko peke yako. Makadirio ya Shirika la Afya Duniani yaliyotolewa mwaka 2015 yanasema watu milioni 600 huugua kwa chakula kila mwaka, na 420,000 kati yao hufa. Wengi wa hao hawadai chochote.

Sheria hutofautiana nchi na nchi. Pale panapobidi uulize ya kwenu, nitasema.

Vitu vya kuwa navyo

Usisubiri vitimie vyote ndipo uanze. Kusanya unavyoweza.

- Daftari moja la shauri hili tu, na kalamu.
- Simu yenye kamera, tarehe na saa zikiwa sahihi.
- Mifuko safi ya plastiki inayofungika, na nafasi kwenye jokofu.
- Risiti, taarifa ya benki au ujumbe wa malipo uliobaki kwenye simu.
- Vyeti vyote vya hospitali: kadi, majibu ya maabara, dawa ulizoandikiwa, ankara.
- Majina na namba za simu za watu mliokula pamoja.
- Hati ya mshahara, au kumbukumbu ya mapato yako kama umejiajiri.
- Bahasha moja kubwa ya kuhifadhia nyaraka halisi. Ukiombwa chochote, toa nakala.

Hatua ya 1: Tibiwa kwanza, na hakikisha kila kitu kimeandikwa

Afya yako inatangulia kesi. Nenda hospitali bila kuchelewa ukiona damu kwenye choo, homa inayozidi nyuzi 38.9, kuharisha kunakopita siku 3, kutapika hata maji yasikae tumboni, mkojo kupungua sana, au kizunguzungu unaposimama. Ukiona vitu viwiliviwili, kope zikalegea, au ulimi na koo vikawa vizito, hiyo huweza kuwa sumu ya botulini, na hapo saa moja ina thamani. Mjamzito mwenye homa baada ya kula chakula kinachotiliwa shaka asikae nyumbani kusubiri ipoe, kwa sababu listeria, bakteria anayeenea kwa chakula, huweza kumdhuru mtoto tumboni hata kama mama mwenyewe anajiona ana mafua tu.

Mtoto mdogo aliyeharisha damu aangaliwe zaidi hata anapoonekana kupata nafuu. Aina ya bakteria wa E. coli inayotoa sumu iitwayo Shiga huweza kushambulia figo siku 5 hadi 10 baada ya kuharisha kuanza. Mtoto huwa mweupe, mchovu, na mkojo hupungua. Mrudishe hospitali siku hiyo hiyo.

Ukiwa mbele ya daktari, mweleze wazi: ulikula nini, wapi, lini, na nani mwingine ameugua. Mwombe aandike maelezo hayo kwenye faili. Mahakama au kampuni ya bima itakaposoma faili lako baada ya mwaka mmoja, maneno yaliyoandikwa siku ya kwanza yatakuwa na uzito kuliko kumbukumbu yako ya wakati huo.

*Onyo:* usijinunulie antibiotiki wala dawa ya kuzuia kuharisha kabla ya kumwona daktari. Kwa baadhi ya vimelea, hasa hiyo E. coli, dawa hizo huweza kuongeza hatari. Na antibiotiki ikishaanza kufanya kazi, maabara huenda isione kimelea chochote.

Hatua ya 2: Omba kipimo cha choo, na omba kimelea kioteshwe

Kama ungeweza kufanya jambo moja tu kati ya yote haya, lingekuwa hili.

Daktari akiona mtu anaharisha, mara nyingi humtibu bila kupima. Kitabibu huenda ni sawa, kwa kuwa wengi hupona. Kwa madai yako ni hasara kubwa. Bila kipimo, muuzaji atasema ulikuwa na virusi vya kawaida vinavyozunguka mtaani, nawe hutakuwa na la kujibu. Kwa hiyo omba kwa heshima, lakini usiogope kurudia: "Daktari, nashuku chakula, naomba choo kipimwe kabla sijaanza dawa."

Sampuli itolewe mapema, ndani ya siku za mwanzo za kuharisha. Uliza kama maabara inaotesha kimelea, yaani inakikuza kutoka kwenye sampuli yako, au inatumia kipimo cha haraka cha vinasaba peke yake. Kipimo cha haraka hukwambia una salmonela. Kimelea kilichooteshwa huenda mbali zaidi: wataalamu hukisoma vinasaba vyake vyote na kukilinganisha na kilichotoka kwa wagonjwa wengine, au kilichokutwa kiwandani. Vikilingana, umepata ushahidi ambao ni vigumu sana kuupangua. Iombe maabara isikitupe kimelea hicho, au ikipeleke maabara ya taifa ya afya ya jamii.

Mfano ni Afrika Kusini, 2017 hadi 2018. Zaidi ya watu 1,000 walithibitishwa kuugua listeria na zaidi ya 200 walifariki. Kwa miezi mingi chanzo hakikujulikana. Kilichowafikisha kiwandani ni kusoma vinasaba vya listeria kutoka kwa wagonjwa na kuvilinganisha na vilivyokutwa kwenye nyama ya kusindika na mahali ilipotengenezewa. Wagonjwa hao hawakuwa wamekula siku moja wala mahali pamoja. Aina ya kimelea, iliyoitwa ST6, ndiyo iliyowaunganisha, na madai ya pamoja yaliyofuata yalisimama juu ya hilo.

Ziko sumu ambazo kipimo cha choo huweza kutozionyesha, kama ile ya stafilokokasi inayomtapisha mtu ndani ya saa chache. Hapo mabaki ya chakula huwa ndiyo tegemeo.

Hatua ya 3: Linda chakula kilichobaki

Usikitupe, usikionje tena kuhakikisha, na usimpe mnyama wa nyumbani.

1. Kipige picha kikiwa kama ulivyokiacha, pamoja na kifungashio, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi.
2. Kitie kwenye mfuko safi pamoja na kifungashio chake bila kukiosha. Funga, andika juu tarehe, saa na jina la aliyefunga.
3. Kiweke kwenye jokofu, mbali na vyakula vingine, na kila mtu nyumbani ajue hakiliwi. Kama afisa wa afya hatafika kwa siku kadhaa, kigandishe, ila ujue kugandisha huua sehemu ya vimelea vya aina fulani.
4. Kila kinapohama mkono, andika daftarini: nani alikitoa, nani alikipokea, saa ngapi. Apokeaye atie saini.

Hilo la nne watu hulidharau, halafu linawaangusha. Wakili wa upande wa pili atauliza tu, "Mfuko huu ulikaa wapi kwa wiki tatu, na nani aliugusa?" Ukikosa jibu, thamani ya chakula hicho kama kielelezo inashuka.

*Onyo:* usirudishe chakula chote dukani. Muuzaji mwema atakuomba ukilete "tukichunguze", na pengine ana nia njema, lakini ukishamkabidhi, ushahidi wako uko mikononi mwa unayemdai. Mpe picha. Akisisitiza, mpe kipande, na kingine kibaki kwako. Vivyo hivyo ukipeleka maabara binafsi: uliza kwanza watatumia kiasi gani, na bakiza cha kutosha kupimwa tena.

Hatua ya 4: Andika ulivyokula, siku kwa siku, ukirudi nyuma

Karibu kila mtu hulaumu mlo wa mwisho. Ulikula mchana, ukatapika jioni, basi ni mchana. Mara nyingi sivyo. Kila kimelea kina muda wake kati ya kuliwa na kuleta dalili, na muda huo ndio wakili wa upande wa pili atakaouangalia kwanza:

- Sumu ya stafilokokasi: nusu saa hadi saa 8.
- Norovirusi: saa 12 hadi 48.
- Salmonela: saa 6 hadi siku 6.
- Kampilobakta: siku 2 hadi 5.
- E. coli ya sumu ya Shiga: kwa kawaida siku 3 hadi 4.
- Homa ya ini aina A: siku 15 hadi 50.
- Listeria iliyoingia kwenye damu: huweza kuchukua wiki kadhaa, hata kufika siku 70.

Kwa hiyo andika milo yote ya siku 7 zilizopita, na kama daktari anashuku listeria au homa ya ini, rudi nyuma zaidi. Andika ulichokula, ulikula wapi, saa ngapi, na nani, nani alikula kile kile, nani hakukigusa. Usipokumbuka, angalia jumbe za simu, picha, na malipo ya siku hizo. Andika pia saa dalili ya kwanza ilipoanza.

Uandike na yale yasiyokupendeza. Kama mtoto wa nyumbani aliharisha siku mbili kabla yako, liandike. Litajulikana tu, na likijulikana kwa kinywa cha upande wa pili utaonekana ulificha.

Lililotokea Ujerumani mwaka 2011 linafaa kukumbukwa na kila anayetaka kunyoosha kidole haraka. Karibu watu 4,000 waliugua na zaidi ya 50 walikufa kwa E. coli. Kwanza yalilaumiwa matango kutoka Hispania, wakulima wakapata hasara kubwa. Baadaye chanzo kikaonekana ni machipukizi ya mbegu za uwatu. Ikiwa serikali yenye maabara nzuri ilikosea mwanzoni, nawe subiri ushahidi kabla ya kumtaja mtu.

Hatua ya 5: Toa taarifa kwa mamlaka ya afya

Wakaguzi wana nguvu ambayo wewe na wakili wako hamna mwanzoni. Wanaingia jikoni, wanachukua sampuli, wanapima joto la majokofu, wanahoji wafanyakazi, na hata wanaweza kufunga mahali pale. Taarifa yao huwa kielelezo kikubwa kwa sababu hawana upande.

Peleka taarifa siku hiyo hiyo unapoweza, na kwa maandishi. Omba namba ya kumbukumbu na jina la afisa aliyepokea. Baada ya wiki kadhaa, andika barua kuomba nakala ya ripoti ya ukaguzi na majibu ya sampuli. Nchi nyingi zina sheria ya kupata taarifa za umma inayokuruhusu kuomba.

Watu wawili au zaidi wakiugua ugonjwa mmoja baada ya kula chakula kimoja, hilo kwa wataalamu wa afya ni mlipuko, na uzito wake ni mkubwa kuliko mgonjwa mmoja. Wahimize wenzako nao wapimwe na watoe taarifa, kila mmoja kwa jina lake.

Hatua ya 6: Hesabu madhara yako

Fidia hulipwa kwa hasara iliyothibitishwa. Fungua kurasa daftarini kwa ajili ya:

- matibabu, dawa, vipimo na nauli za hospitali;
- siku za kazi au biashara ulizopoteza, na barua ya mwajiri kuthibitisha;
- mtu aliyeacha kazi zake kukuuguza;
- maumivu na usumbufu, yaani ulilala vipi, ulishindwa kufanya nini, uliogopa nini (mistari miwili kwa siku inatosha);
- matibabu yajayo, kwa maoni ya daktari.

Kuhusu hilo la mwisho, usiwe na haraka. Yapo madhara yanayokuja baada ya tumbo kutulia. Kampilobakta huweza kufuatiwa na ugonjwa wa Guillain-Barré, ambapo mishipa ya fahamu hushambuliwa na mtu hupooza kwa muda. Salmonela huweza kuacha maumivu ya viungo ya miezi. Mtoto ambaye figo zake ziliguswa huhitaji kufuatiliwa kwa miaka. Aliyekubali malipo wiki ya pili hawezi kurudi mwaka wa pili kusema figo zinauma.

Hatua ya 7: Jua unayemdai, na kwa msingi gani

Chakula hupita mikono mingi: mzalishaji, msindikaji, msafirishaji, muuzaji wa jumla, muuzaji wa rejareja, mpishi. Usichague mmoja kwa hasira. Wakili mzuri huwaandikia wote wanaohusika, kisha ushahidi huwapunguza.

Misingi iko mitatu. Wa kwanza ni mkataba: uliponunua, muuzaji aliahidi, hata bila kusema, kwamba chakula kinafaa kuliwa. Wa pili ni uzembe: mdaiwa hakuchukua tahadhari ambayo mtu makini angeichukua. Wa tatu upo kwenye sheria za nchi nyingi za kumlinda mlaji: mtengenezaji wa bidhaa yenye kasoro hulipa hata kama huonyeshi uzembe wake, mradi uthibitishe kasoro, madhara, na uhusiano kati ya viwili hivyo.

Watu huuliza sana: "Sikununua mimi, nilialikwa tu. Nina haki?" Swali hilo lilijibiwa zamani. Mwaka 1928, katika mji wa Paisley huko Uskoti, May Donoghue alinywa kinywaji cha tangawizi alichonunuliwa na rafiki yake. Alidai kwamba ndani ya chupa mlikuwa na konokono aliyeoza. Hakuwa na mkataba na mtu yeyote. Mwaka 1932 majaji wa juu wa Uingereza waliamua, watatu kwa wawili, kwamba mtengenezaji ana wajibu wa uangalifu kwa mlaji wa mwisho, hata asiyemjua. Uamuzi huo unafuatwa hadi leo katika nchi nyingi zilizorithi sheria ya Kiingereza. Kwa hiyo mgeni mwalikwa naye anadai.

Hatua ya 8: Tafuta msaada unaolingana na madhara yako

Nitasema wazi. Kama ulitapika usiku mmoja na asubuhi ukaamka mzima, kesi mahakamani itakugharimu kuliko itakavyokulipa. Toa taarifa kwa mamlaka ya afya, andika barua ya madai, na ikibidi nenda mahakama ya madai madogo kama ipo kwenu, ambako watu huzungumza wenyewe bila wakili. Ukilazwa, ukipoteza kazi, ukiachiwa ugonjwa wa kudumu, au ukifiwa, hapo usiende peke yako.

Pa kuanzia kama huna pesa: ofisi za msaada wa kisheria, kliniki za sheria za vyuo vikuu, chama cha mawakili, na vyama vya kutetea walaji. Ukimpata wakili, muulize haya kabla ya kutia saini:

1. Umewahi kuendesha madai ya chakula au ya madhara ya mwili?
2. Malipo yako yanahesabiwaje? (Nchi nyingine huruhusu wakili achukue asilimia ya fidia, nyingine hukataza. Pata jibu kwa maandishi.)
3. Gharama za wataalamu na maabara analipa nani, na tukishindwa je?
4. Muda wa mwisho wa kufungua kesi yangu ni tarehe gani hasa?

Wakili anayekuahidi kiasi fulani cha fidia siku ya kwanza, kabla hajasoma majibu ya maabara, muache.

Mkiwa wengi, uliza kuhusu kesi ya pamoja. Gharama hugawanywa na ushahidi wa mmoja humsaidia mwingine. Ila mwenye madhara makubwa kuliko wenzake aulize kama kesi ya peke yake itamfaa zaidi.

Hatua ya 9: Andika barua ya madai

Fupi, bila matusi, bila vitisho. Hii ni sampuli:

> YAH: MADAI YA FIDIA KWA MADHARA YA CHAKULA
>
> Mimi, (jina), nilinunua (chakula na namba ya toleo) katika tawi lenu la (mahali) tarehe (…), saa (…). Nakala ya risiti imeambatishwa. Tarehe (…) nilianza (dalili). Hospitali ya (…) ilithibitisha (kimelea) kwa kipimo cha tarehe (…).
>
> Hasara yangu hadi leo ni (jumla), kama orodha iliyoambatishwa inavyoonyesha. Matibabu yanaendelea.
>
> Nawataka mhifadhi, bila kufuta wala kubadili, picha za kamera za siku hiyo, kumbukumbu za joto la majokofu na za usafi, orodha ya wafanyakazi waliokuwa zamu na taarifa za waliougua, pamoja na hati za waliowauzia malighafi.
>
> Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 14.

Aya ya kutaka vitu vihifadhiwe usiiache. Picha za kamera mara nyingi hufutika zenyewe baada ya siku chache. Mdaiwa akishapata barua hii kisha akafuta, mahakama huweza kumhesabia hilo.

Peleka kwa njia inayoacha uthibitisho wa kupokelewa. Kama sheria ya kwenu ina muda maalumu wa notisi kabla ya kushtaki, tumia huo.

Hatua ya 10: Mazungumzo, na mahakama ikibidi

Madai mengi huishia kwenye suluhu. Atakayekupigia simu huenda ni wa kampuni ya bima ya mdaiwa, mwenye sauti ya upole. Msikilize, lakini usikubali kurekodiwa, na usijibu swali la "sasa unajisikiaje?" kwa "sijambo" ya mazoea. Ataiandika hivyo hivyo.

Soma kila karatasi kabla ya kusaini. Maneno "malipo kamili na ya mwisho" yana maana ya kwamba umefunga mlango, hata kama umepewa vocha ya mlo mmoja. Ukirudishiwa pesa ya chakula bila karatasi ya namna hiyo, kwa kawaida hujapoteza haki ya kudai madhara ya mwili.

Ikifika mahakamani, utatakiwa kuonyesha kwamba kuna uwezekano mkubwa zaidi kuliko sivyo kwamba chakula kile ndicho kilichokuuguza. Kiwango hicho kiko chini ya kile cha kesi ya jinai. Kesi ya jinai nayo ni jambo jingine: huendeshwa na serikali, na huadhibu. Mwaka 2015 Stewart Parnell, aliyekuwa mkuu wa Peanut Corporation of America, alihukumiwa nchini Marekani kifungo cha miaka 28 kwa kusafirisha bidhaa za karanga zenye salmonela. Kifungo cha namna hiyo peke yake hakikuingizii fidia mfukoni. Fungua madai yako bila kusubiri jinai iishe, maana muda wa kudai unaendelea kuhesabiwa.

Makosa yanayoharibu madai mazuri

Kumtaja muuzaji mitandaoni kabla ya majibu ya maabara. Akiwa hana hatia, wewe ndiwe utakayeshtakiwa kwa kumchafulia jina. Akiwa na hatia, ulichoandika kwa hasira kitasomwa mahakamani neno kwa neno.

Kuongeza chumvi. Ulilazwa siku mbili, sema mbili. Uongo mdogo mmoja ukigundulika, hata ukweli wako hauaminiki tena.

Kupatana na mashahidi nini cha kusema. Kila mtu aandike anachokumbuka mwenyewe.

Mambo yakikwama

*Sikupimwa choo na sasa nimepona.* Muulize daktari kama kipimo cha damu bado kinaweza kuonyesha maambukizi yaliyopita. Kwa homa ya ini aina A inawezekana. Kisha tegemea wenzako: kama waliokula nawe walipimwa wakakutwa na kimelea kile kile, na dalili zako zinalingana kwa muda na aina, madai yako bado yana miguu.

*Chakula kimeshatupwa.* Angalia kifungashio kwenye taka. Namba ya toleo peke yake huweza kukuunganisha na bidhaa iliyoondolewa sokoni. Fuatilia matangazo ya mamlaka ya chakula kuhusu bidhaa zilizorejeshwa.

*Risiti sina.* Taarifa ya benki, ujumbe wa malipo, picha uliyopiga mezani, shahidi mliyekuwa naye. Vyote vinakubalika kuonyesha ulikuwepo.

*Wengine walikula na hawakuugua.* Hilo halimalizi kesi. Kimelea hakisambai sawasawa kwenye chakula, na watoto, wazee, wajawazito na wenye kinga dhaifu huugua kwa kiasi ambacho mwingine hahisi. Mwambie daktari alieleze hilo kwenye ripoti yake.

*Daktari ameandika "maumivu ya tumbo" tu.* Rudi ukamwombe ripoti kamili ya maandishi: dalili, tarehe, maelezo uliyompa, na maoni yake kuhusu chanzo. Usimwombe abadilishe kilichoandikwa awali.

*Muuzaji amefunga au hana mali.* Uliza kama alikuwa na bima ya dhima, ile inayolipa madhara aliyowasababishia wengine. Rudi pia kwenye Hatua ya 7: aliyetengeneza au kusambaza huenda bado yupo.

*Mgonjwa amefariki.* Ombeni uchunguzi wa maiti kabla ya mazishi, ingawa ni jambo gumu kulisema msibani. Bila uchunguzi huo, chanzo cha kifo huenda kisithibitishwe kamwe. Kwa kawaida familia ina madai ya aina mbili: ya waliokuwa wakimtegemea, na ya mirathi yake kwa mateso na gharama kabla ya kifo. Msimamizi wa mirathi ateuliwe mapema.

*Muda umepita.* Usikate tamaa kabla ya kuuliza. Katika nchi nyingi muda wa mtoto hauanzi kuhesabiwa hadi afikie utu uzima, na mara nyingine muda huanzia siku ulipojua chanzo, si siku ulipougua. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 1985 kuhusu bidhaa zenye kasoro, kwa mfano, hutoa miaka 3 tangu mtu alipojua au alipopaswa kujua, lakini hufunga kabisa miaka 10 baada ya bidhaa kuingia sokoni. Kwa upande mwingine, kama unadai shule ya serikali, hospitali ya umma au jeshi, notisi huweza kutakiwa ndani ya muda mfupi sana kuliko kawaida. Andika tarehe tatu kwenye karatasi moja: siku uliyokula, siku uliyougua, na siku uliyojua chanzo. Zipeleke kwa wakili au ofisi ya msaada wa kisheria wiki hii hii.